Chembe ni ndogo, mzigo wa habari zake ni mlima

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 hapa Uganda, nayo iliwachukua makarani siku kadhaa za kupiga hodi mlango kwa mlango. Sasa msomaji, fikiria umati unaokaribia huo ukipita mlangoni kwa sekunde moja tu, sekunde inayofuata ukapita mwingine, nawe unatakiwa kumtazama kila mmoja usoni na kuamua nani abaki.

Hiyo ndiyo kazi ya kigunduzi cha chembe kiitwacho ATLAS, kilichopo takriban mita 100 chini ya ardhi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Humo mafungu ya protoni, yaliyozungushwa katika njia ya duara yenye kilomita 27, hukutana mara milioni 40 kwa sekunde, yaani kila baada ya nanosekunde 25. Mwanga wenyewe, usioshindwa mbio na chochote, husafiri mita 7.5 tu kwa muda huo, na ATLAS ina urefu wa mita 46. Kwa hiyo chembe zilizozaliwa katika mgongano mmoja hazijatoka nje, mwingine umeshatokea nyuma yake.

Wengi wetu tulisikia chembe ya Higgs ilipotangazwa Julai 4, 2012. Mimi, mwalimu wa fizikia hapa Kampala, swali lililonisumbua zaidi ni jingine: habari zilitokaje mle ndani?

Chukua sehemu moja tu ya ATLAS, ile ya vigae. Imejengwa kwa bamba za chuma zilizopangwa pamoja na vigae vya plastiki maalumu. Chembe ikipita, kigae hutoa mwako hafifu. Mwako huo hufuata uzi mwembamba hadi kwenye mojawapo ya mirija ipatayo 10,000, inayougeuza kuwa mshtuko wa umeme, na umeme hugeuzwa kuwa namba. Hadi hapo hata kidato cha nne wanaelewa. Taabu ni wingi. ATLAS nzima ina njia za kusomea zipatazo milioni 100, na hapajawa na nyaya wala kompyuta za kubeba na kuhifadhi zote.

Basi namba husubiri kwenye kumbukumbu ya muda, kama abiria wa teksi, kwa mikrosekunde 2.5 hivi. Katika kitambo hicho elektroniki za pekee hutazama picha isiyo kamili na kuruhusu migongano isiyozidi 100,000 kwa sekunde. Kompyuta huichuja tena, ikabaki kama 3,000. Mingine yote hutupwa, na hakuna wa kuirudisha. (Wanafunzi wangu hushtushwa na hilo kuliko mwendo wa mwanga.)

Kwa hiyo kasi ya kusoma data si mbwembwe. Kinachotupwa kwa kukosa nafasi huenda ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Kigunduzi jirani, LHCb, mwaka 2022 kiliondoa kabisa mchujo wa kwanza wa elektroniki, kikaanza kupeleka kila kitu kwenye kompyuta, takriban terabaiti 4 kwa sekunde, programu ziamue. ATLAS nayo inaandaliwa kwa awamu inayotarajiwa kuanza 2030, ambapo vigae vyake vitatuma namba za kila mgongano kupitia nyuzi za kioo, ndugu wa zile za mkongo wa intaneti.

Na bodi za kuzipokea? Wanaozishughulikia ni pamoja na watu wa Valencia, Hispania, na wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Afrika Kusini ilijiunga na ATLAS mwaka 2010. Haikungoja iwe na mashine yake ya kilomita 27.

Nasi je? Pale Makerere, mradi wa AirQo ulioanza 2015 hutengeneza vifaa vya kupima chembe za moshi na vumbi angani, vingine vikafungwa kwenye boda boda. Chembe hizo ni majabali mbele ya protoni, zisichanganywe. Lakini mnyororo ni ule ule: mwanga, umeme, namba, kisha safari ya namba kupitia mtandao wa simu. Aliyeweza kukifanya kifaa kisome katika vumbi la Kampala, umeme ukikatika, ameshaanza masomo ya kazi hii, japo kwa mwendo wa konokono.

Pengo naliona shuleni. Kidato cha sita bado husoma voltimita kwa jicho na kuandika daftarini. Si vibaya, ila jicho halisomi mara elfu kwa sekunde, na bodi ndogo ya elektroniki, isiyozidi bei ya simu ya kawaida, inasoma. Mimi nilisoma shule ya msingi Tanzania, wazazi wakiwa uhamishoni, na neno chembe nilifundishwa kwa Kiswahili. Labda ndiyo maana sioni mambo haya kuwa ya watu wengine.

Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza 2010, ilifanyika Kigali mwaka 2016, safari ya basi kutoka hapa. Na data zenyewe hazijafungiwa: Julai 2024 ATLAS ilitoa bure terabaiti 65, zenye migongano zaidi ya bilioni 7. Kifurushi cha intaneti cha mwalimu hakiziwezi. Zipo, hata hivyo, sehemu ndogo zilizoandaliwa kwa wanafunzi, na hizo hupita hata kwenye modemu ya simu, usiku, watu wakiwa wamelala.