Mitaa ya Waitaliano wa New York: Watoto Walikwenda Wapi?

Kila mwaka ifikapo Septemba, Barabara ya Mulberry katika jiji la New York, Marekani, hufungwa kwa siku 11. Taa za rangi hutundikwa juu ya njia, soseji huchomwa kando ya barabara, na sanamu ya San Gennaro, mtakatifu msimamizi wa mji wa Napoli, hupitishwa katikati ya umati. Sikukuu hiyo ilianzishwa mwaka 1926 na wahamiaji waliotoka Napoli. Mgeni anayefika siku hizo hudhani amekuta mtaa uliojaa Waitaliano.

Lakini sherehe ikiisha, wengi wa hao washerehekeaji hurudi makwao, mbali na hapo. Mtaa huo huitwa Little Italy, yaani Italia Ndogo. Sensa ya mwaka 1950 ilikuta humo wakazi 2,149 waliozaliwa Italia. Mwaka 2000 walibaki 44. Na uchunguzi wa sensa uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2010 haukumpata hata mmoja.

Nini kilitokea? Mtaa huo haukupigwa na vita wala tauni. Katika makala hii tunapenda kuitazama habari hiyo kwa macho ya wazazi, maana tunaona ina neno kwa kila nyumba yenye watoto.

Walivyofika

Kati ya mwaka 1880 na 1924, Waitaliano zaidi ya milioni nne waliingia Marekani. Wengi wao walitoka kusini mwa Italia: Napoli, Calabria na kisiwa cha Sicilia. Walikuwa wakulima maskini. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwanyenye, kodi zilikuwa nzito, na malaria iliwasumbua. Mara nyingi baba alitangulia peke yake, akafanya kazi ya kuchimba mitaro, kujenga reli au kubeba matofali, akawa anatuma fedha nyumbani. Mama alibaki na watoto, akisubiri barua. Baadhi ya wanaume walirudi Italia. Wengine waliwaita wake zao wawafuate.

Walipofika New York walitafutana. Watu wa mkoa mmoja, hata wa kijiji kimoja, walipanga katika barabara moja. Wa Napoli walijaa Mulberry, Wasisilia wakajaa Elizabeth, barabara chache tu kutoka hapo. Hivyo mwanamke asiyejua neno la Kiingereza aliweza kununua zeituni na jibini, kusikia habari za kwao na kumpata mkunga, yote kwa lugha ya mama yake.

Tusidhani yalikuwa maisha matamu. Nyumba zilikuwa za ghorofa, zimebanana, na vyumba vingine havikuwa na dirisha. Familia nyingi zilitumia choo kimoja. Akina mama walichukua wapangaji ndani ya vyumba hivyo hivyo ili kupata kodi ya nyumba. Walishona nguo na kutengeneza maua ya bandia mezani usiku, na watoto wao wadogo wakiwasaidia. Mabinti walikwenda viwandani. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitaliano.

Mama Cabrini na Kanisa la Chini

Kati ya waliokuja kuwasaidia alikuwa mtawa Frances Xavier Cabrini, aliyefika New York mwaka 1889 pamoja na masista wenzake. Alipofika, mambo hayakuwa tayari, akashauriwa arudi Italia. Hakurudi. Alifungua makao ya yatima, shule na hospitali, New York na miji mingine mingi. Alifariki mwaka 1917. Mwaka 1946 alitangazwa mtakatifu, raia wa kwanza wa Marekani kupewa heshima hiyo.

Mtaa mkubwa kuliko Little Italy ulikuwa Harlem Mashariki. Hapo, katika Barabara ya 115, Waitaliano walijenga kanisa la Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Wakatoliki waliowatangulia kufika Marekani hawakuwapokea vizuri. Waliona ibada zao ni za kishamba. Kwa miaka mingi Waitaliano walisali katika sehemu ya chini ya kanisa hilo, ingawa jasho lao ndilo lililolijenga. Hata hivyo, kila tarehe 16 Julai walilitoa sanamu lao barabarani. Akina mama walitembea nyuma yake bila viatu, wameshika mishumaa, wakiomba kwa ajili ya mtoto mgonjwa au mume asiye na kazi. Siku hiyo mtaa wote ulikuwa kanisa lao.

Jina Lililokatwa

Mabadiliko yalianza mapema, tena yalianzia shuleni. Leonard Covello alizaliwa kusini mwa Italia, akaletwa Harlem Mashariki akiwa mtoto. Jina lake lilikuwa Leonardo Coviello. Mwalimu aliona jina hilo ni gumu kutamka, akalifupisha. Mtoto aliporudi nyumbani na jina jipya, mama yake aliumia sana, kwa kuwa kwake jina la mtu ni heshima yake. Mtoto aliona mama haelewi mambo ya Marekani.

Covello alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba shule iliwafundisha watoto kuwaonea haya wazazi wao. Hawakutaka mama aje shuleni na kitambaa chake kichwani. Walificha mkate mnene wa nyumbani wasichekwe na wenzao. Baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu. Alipigania lugha ya Kiitaliano ifundishwe katika shule za sekondari za jiji kwa hadhi sawa na lugha nyingine za kigeni, na jambo hilo likakubaliwa mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1934 alikuwa mkuu wa shule ya sekondari huko huko Harlem Mashariki, akafungua milango ya shule kwa wazazi. Alijua kwamba mtoto anayemdharau mama yake hawezi kukua vizuri.

Sababu za Kutawanyika

Sababu ya kwanza ni mlango kufungwa. Sheria ya mwaka 1924 ilipunguza sana idadi ya Waitaliano walioruhusiwa kuingia Marekani. Mtaa ukakosa wageni wapya wa kuongeza lugha na desturi.

Ya pili ni vita. Desemba 1941 Marekani na Italia ziliingia vitani. Waitaliano wapatao 600,000 ambao hawakuwa na uraia wa Marekani walihesabiwa kuwa wageni wa nchi adui, mpaka Oktoba 1942. Wengi wao walikuwa na wana wao katika jeshi la Marekani. Yalibandikwa hata matangazo ya kuwaonya watu wasiseme lugha ya adui. Nyumba nyingi zikaanza kunong'ona Kiitaliano, halafu zikakiacha.

Ya tatu ni maendeleo. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani nafasi ya kusoma na mikopo ya kununua nyumba. Vijana wa Mulberry walijenga maisha nje ya jiji, kwenye nyumba zenye bustani na hewa safi. Mwaka 1964 daraja la Verrazzano liliunganisha Brooklyn na Staten Island, na familia nyingi za Kiitaliano zikavuka kwenda upande wa pili.

Kuna na sababu chungu. Huko Harlem Mashariki, serikali ya jiji ilibomoa majengo mengi ya zamani miaka ya 1940 na 1950 ili kujenga maghorofa ya nyumba za serikali. Maduka, vyama vya wanakijiji na majirani wa miaka mingi vilitawanyika. Tena lazima tuseme kweli: wapo walioondoka kwa sababu hawakutaka kuishi jirani na Wapuertoriko na watu weusi waliokuwa wakihamia. Waliokuwa wamedharauliwa jana, leo waliwadharau wengine.

Mwisho, sheria ya mwaka 1965 iliruhusu wahamiaji wengi zaidi kutoka Asia. Mtaa wa Wachina ulivuka Barabara ya Canal na kuingia Little Italy. Mwaka 2010 mitaa hiyo miwili iliandikishwa pamoja kuwa eneo moja la kihistoria.

Akina Mama Walitaka Hivyo

Ukiziangalia sababu hizo, dada mpendwa, utaona jambo moja. Sehemu kubwa ya mtaa haikufukuzwa. Ilihama kwa baraka za wazazi. Mama aliyeshona maua ya bandia hadi usiku wa manane hakufanya hivyo ili mwanawe apange chumba kile kile kisicho na dirisha. Alitaka asome, apate kazi ya kalamu, aishi penye hewa. Mungu akamjalia. Siku mwanawe alipofunga mizigo kwenda nyumba mpya, mama alifurahi, na jioni akala peke yake. Kwa hiyo kupungua kwa mtaa kulikuwa mavuno ya jasho lake, na pia huzuni yake.

Kilichobaki ni nini? Lugha ilipotea haraka; wajukuu wengi hawakuweza kuzungumza na bibi zao. Mapishi yalidumu zaidi. Katika Barabara ya Arthur, Bronx, soko lililofunguliwa mwaka 1940 wakati wa Meya Fiorello La Guardia bado linauza jibini na mikate, na watu wa koo zilizohama huja kununua. Ibada nayo haikufa. Kule Barabara ya 115, Wahaiti walipofika walimkuta Bikira Maria wa Mlima Karmeli wanayemheshimu na kwao, wakajiunga na maandamano ya Julai. Kanisa lililojengwa na wageni wa jana likawa kimbilio la wageni wa leo.

Nasi Je?

Wengi wetu tumetoka vijijini tukaja mijini. Watoto wetu wanazaliwa hapa, wanasoma, na siku moja watahama hata mitaa hii yetu. Hatuwezi kuwazuia, wala si haki. Lakini tunaweza kuamua mapema watakachobeba.

Tuwaambie walikotoka babu na bibi zao, na kwa nini waliondoka. Tuzungumze nao lugha ya nyumbani wakiwa bado wadogo, kwa kuwa akishakuwa mkubwa atasema anaona haya. Binti na kijana wote waingie jikoni, wajifunze kile chakula cha sikukuu. Tusali pamoja nao mezani, maana sala iliyozoeleka utotoni husafiri bila mizigo. Na mtoto akija na haya kwa sababu ya jina lake, mavazi ya mama yake au lafudhi ya baba yake, tusimcheke wala tusimpige. Tuketi naye, tumweleze.

Majengo ya Mulberry bado yamesimama, ila ndani wamo watu wengine. Mtaa ni wa kupanga. Tunachowapa watoto wetu moyoni ndicho watakachohama nacho.