Kutembea Alfajiri Wakati wa Vuli

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, jamaa zetu walioko Uingereza na Kanada hututumia picha za miti iliyogeuka rangi ya dhahabu na ya damu, nao wamesimama chini yake na makoti mazito, watoto wakiyakanyaga majani yaliyoanguka. Majira hayo vitabu vya shule huyaita vuli. Nasi watu wa pwani neno hilo tunalo tangu zama za wazee wetu, ila kwetu vuli ni mvua: zile mvua chache zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, kusi ikishachoka na kaskazi haijashika. Vuli yao ni ya kupukutika na yetu ni ya kuchipua. Hata hivyo zote mbili humwita mtu atoke nje, na mwenye kuzijua vizuri ni yule azipitiaye kwa miguu yake mwenyewe.

Wakati huu ndio wa demani, ambapo bahari imetulia na hewa ya alfajiri haijawa nzito. Lipo na jambo jingine ambalo wengi hatulitii maanani. Hapa Mombasa, mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza mapema kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, karibu saa kumi na mbili kamili, ilhali mwezi wa Februari huchelewa hadi karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa mama mwenye watoto wa kutayarisha kwenda shule, nusu saa ya mwangaza si kitu kidogo. Aliyekwisha kuswali alfajiri anaweza kwenda na kurudi kabla ya birika la chai kuwekwa jikoni.

Atakayetaka kuyaona majani mekundu kama ya picha zile, asihangaike kutafuta nauli ya ndege. Autazame mkungu. Mti huu, wenye matawi yaliyotandaa ngazi kwa ngazi kama mwavuli uliokunjuliwa mara kadhaa, majani yake hugeuka manjano, kisha rangi ya chungwa, kisha mekundu kabisa kabla ya kuanguka. Hauna adabu ya kalenda, kwani huweza kupukutisha mara mbili kwa mwaka. Siri yake ni ile ile ya miti ya Ulaya: mti unapotaka kuliacha jani, kwanza huirudisha ndani akiba yake na kuiacha rangi ya kijani ififie. Umanjano ulikuwamo siku zote, umefichwa tu na ukijani; wekundu ndio unaotengenezwa upya siku za mwisho. Okota jani moja lililo nusu kijani na nusu jekundu umwonyeshe mtoto.

Mbuyu nao una mambo yake. Miezi ya ukavu husimama uchi, na vuli ikikaribia huanza kuvaa. Maua yake makubwa meupe, yaning'iniayo kichwa chini, hufunguka magharibi na kutembelewa usiku na popo, na kesho yake yameanguka. Kwa hiyo anayepita alfajiri huyakuta chini, bado mabichi, yana harufu ambayo sidhani kama kuna muuza manukato angeitaka. Mibuyu mikongwe ya Mama Ngina, pale mlangoni mwa bahari ambapo pamekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ni mahali pazuri pa kuanzia: njia ni pana, watu wapo, na upepo hauna kizuizi.

Tukiwa tunakwenda hivyo, wageni huwa wanaingia. Baridi inapoanza kaskazini ya dunia, ndege wa pwani hushuka kwetu kwa maelfu, na Mida, karibu na Watamu, ni mojawapo ya vituo vyao vikuu. Wamo vijindege vya matopeni vilivyoanguliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, na yumo ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye huzaliana katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Bara Arabu. Hao wa Arabuni nikiwaona hukumbuka kwamba njia waliyoijia ni ile ile ya majahazi ya babu zetu. Juu ya vichwa vyetu, mvua zikishaanza, huonekana pia makundi ya kereng'ende. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldivi, alitoa hoja kwamba wadudu hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi hadi Afrika Mashariki, wakisaidiwa na pepo za majira. Mdudu mwenye mbawa nyembamba kuliko karatasi, na safari ya maelfu ya kilomita!

Bamburi kuna somo jingine. Pale palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji, palipobaki jangwa jeupe lisiloota kitu, René Haller alianza mwaka 1971 kujaribu kupanda miti, na iliyostahimili ilikuwa michache, mvinje ukiwa wa mbele. Tatizo likawa majani yake membamba, yaliyojilimbikiza bila kuoza. Waliolitatua ni majongoo. Waliletwa, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu, una vivuli na wanyama, na familia huenda kutembea. Vuli ndipo majongoo wanapojitokeza kwa wingi hata majumbani mwetu, na kina mama tunawafagia kwa karaha. Wafagieni, lakini kwa heshima kidogo.

Sasa tuseme lile ambalo husemwa barazani kwa sauti ya chini. Mwanamke akionekana njiani alfajiri bila kikapu, bila mtoto mgongoni na bila mgonjwa wa kumpelekea uji, huulizwa: "Kwema? Mwenda wapi saa hizi?" Akijibu kwamba anatembea tu, huonekana kama ana jambo analolificha. Swali hilo limewarudisha wengi majumbani. Mtaani kwetu kina mama watano walilipatia dawa kwa kutoka pamoja, mabuibui yao na viatu vya raba, na bibi mmoja wa miaka sabini akiwa mbele. Wiki ya kwanza waliulizwa kila kona. Wiki ya tatu aliyekuwa akiuliza akaomba kujiunga.

Wala hili si anasa. Kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika kila ukoo, na tunavijua kwa majina ya mama zetu na shangazi zetu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na watoto wa umri wa shule dakika 60 kila siku. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mwenye kupenda kukimbia naye akimbie, kwani Bibi Aisha (radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, baada ya masahaba kuambiwa watangulie, mara ya kwanza akashinda yeye, na baadaye, alipokuwa amenenepa, akashindwa. Katika hadithi hiyo mna hifadhi ya sitara na mna furaha ya nyumba, vyote viwili. Anayetumia dawa za sukari azungumze kwanza na daktari wake, achukue tende mbili mfukoni, na akirudi azikague nyayo zake.

Kwa watakaochagua ufukwe, kalenda ya Kiislamu iwe mwongozo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Ukitoka saa kumi na mbili siku kama hizo, maji yanashuka na mchanga ulioachwa nyuma ni mgumu, mzuri kwa miguu na magoti ya wazee. Viatu visivuliwe penye miamba, kwa sababu ya visu vya chaza na miiba ya urumba. Watoto wakichoka, waketisheni chini ya mkungu na jiwe moja moja la kupasulia kungu. Kazi hiyo huwashughulisha muda wa kutosha mama kumaliza duru ya pili.