Ahadi ni deni: Je, swahiba akikuangusha unaweza kumshtaki?

Chukua mfano huu. Ijumaa usiku, vijana wawili wa Ngamiani, Tanga, wanachati. Mmoja anasema: "Mwanangu, kesho nakupeleka Pangani kwa pikipiki yangu. Mafuta juu yangu." Mwenzake anajibu: "Freshi." Kulipokucha, simu haipatikani. Jamaa kaingia mitini.

Waswahili husema ahadi ni deni. Lakini deni hili linadaiwa mahakamani? Tulipime kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345.

Kuna makubaliano?

Yapo. "Nakupeleka" ni pendekezo, na "freshi" ni kukubali. Wengi hudhani bila karatasi na muhuri hakuna mkataba. Sivyo. Makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi.

Kuna kitu kwa kitu?

Hapa ndipo pikipiki inapozima. Kifungu cha 25 kinasema makubaliano ambayo upande mmoja hautoi chochote kwa kawaida ni batili. Ahadi iliyotolewa kwa mapenzi tu inaweza kusimama, lakini iwe kati ya ndugu wa karibu, iandikwe na isajiliwe. Urafiki wa toka chekechea haumo.

Walikusudia kufungana?

Tuseme abiria aliahidi kumnunulia mwenzake pweza wakifika. Sasa kuna kitu kwa kitu, ila swali moja linabaki: walikusudia kweli kufikishana mahakamani? Mwaka 1919 huko Uingereza, katika kesi ya Balfour, mke alidai pauni 30 kwa mwezi alizoahidiwa na mumewe. Akashindwa. Jaji Atkin alieleza kwamba makubaliano ya nyumbani, au ya watu kualikana tu, kwa kawaida si mkataba.

Kwa hiyo safari ya Pangani imekufa kisheria. Lawama zipo, kesi hakuna.

Pesa ikiingia, mambo hugeuka

Mwaka 1955, Uingereza hiyohiyo, bibi mwenye nyumba, mjukuu wake na mpangaji wao walikuwa wakishiriki pamoja shindano la gazeti kwa jina la bibi. Wakashinda pauni 750. Bibi akagoma kugawa. Mahakama ikaamua mpangaji alipwe theluthi yake, pauni 250, kwa sababu wote walichangia na walielewana kugawana.

Sasa lete hiyo Tanga. Marafiki wawili wanatoa shilingi 50,000 kila mmoja, wananunua samaki soko la Deep Sea, mmoja anakwenda kuuza, faida wagawane nusu kwa nusu. Hiyo si stori ya kijiweni tena. Akila hela, kifungu cha 73 kinampa mwenzake haki ya kudai fidia. Ila ajue kuwa sheria inafidia hasara, haifidii hasira.

Na kama mlitiliana dau mechi ya Coastal Union na African Sports? Sahau. Kifungu cha 30 kinasema makubaliano ya kuwekeana dau ni batili. Aliyeshinda hawezi kumshtaki aliyekataa kulipa.

Ufanye nini?

Kesi nyingi za marafiki hukwama kwenye ushahidi. Kabla hujatoa hela, tuma meseji fupi: nani katoa shilingi ngapi, kwa kazi gani, faida inagawanywaje na lini. Subiri ajibu "nimekubali". Tuma pesa kwa simu, na ule ujumbe wa muamala usiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa mahakamani.

Rafiki wa kweli hatachukia kuandikiana. Akinuna kwa sababu ya meseji moja tu, bora umjue kabla hela haijatoka mfukoni.