Upungufu wa Damu kwa Watoto: Irente na Usawa wa Bahari

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, watoto wapatao 40 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Katika Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 59. Namba hizo hulinganishwaje, ilhali watoto wengine huishi pwani na wengine milimani?

Kinachopimwa ni himoglobini, kitu kiipacho damu wekundu wake na kuchukua oksijeni mwilini. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kiasi kilicho chini ya gramu 11 katika desilita moja ya damu ni upungufu. Chukua mfano wa mtoto mwenye gramu 11.2. Akiwa Tanga mjini, hana upungufu. Akiwa Irente, katika Milima ya Usambara, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, jibu hubadilika. Huko hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza himoglobini zaidi ili kufidia. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2024 huagiza kutoa kwanza gramu 0.8. Hubaki 10.4: mtoto huyo ana upungufu.

Sababu nazo hutofautiana. Katika tambarare ya Mazinde, chini ya genge la Irente, malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Juu, baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Hivyo yapasa kuchunguza pia uhaba wa madini ya chuma katika chakula, na minyoo ya safura. Kipimo kisichozingatia mwinuko humrudisha mtoto mgonjwa nyumbani bila dawa.