Mjumbe Mpya, Barabara Ileile

"Fundi, niwekee ile DNS ya kasi." Mama anayeuza vitenge jirani na kibanda changu alinisogezea simu kabla hata hajakaa. Alikuwa ametumiwa video ya kijana anayeapa kwamba ukiingiza 8.8.8.8 intaneti inapaa. Ameshajaribu mwenyewe, simu ikamkatalia.

Nikamuuliza: kinachokukera ni kusubiri ukurasa uanze kufunguka, au ni video kukwama katikati? Akasema vyote viwili. Tukaanza na kile ambacho DNS inaweza kukitibu.

DNS ni mjumbe wa nyumba kumi. Mgeni akija mtaani na jina tu mdomoni, mjumbe ndiye anayejua mwenye jina hilo anakaa nyumba ipi. Kompyuta hutafutana kwa namba, siyo kwa majina. Kwa hiyo ukiandika jina la tovuti, simu humuuliza mjumbe namba yake kwanza, ndipo safari ianze. Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa California. Likazidiwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu huu wa kugawana kazi ya kujibu.

Kampuni ya simu hukupa mjumbe wake bila kukuuliza, na mara nyingi anatosha. Shida huja akielemewa. Ukurasa mmoja wa siku hizi unaweza kuita majina ishirini: picha zinatoka huku, matangazo kule, herufi kwingine. Mjumbe akisita kidogo kwa kila jina, unabaki unatazama weupe, halafu ghafla vyote vinafunguka kwa mpigo. Hiyo ndiyo dalili yake. Na kwa kuwa simu hukumbuka majibu kwa muda, tovuti uliyoifungua sasa hivi haisumbui kama ile unayoigusa mara ya kwanza leo.

Kwa ugonjwa huo, badilisha. Google wanatoa huduma hii bure tangu 2009, Cloudflare tangu 2018. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, ingia Mipangilio, nenda sehemu ya mtandao, tafuta DNS ya faragha. Hapo ndipo mama alipokwama: pale hapaandikwi namba, panaandikwa jina, ama dns.google ama one.one.one.one. Ukikosea herufi, simu itaonyesha mtandao umejaa lakini hakuna kinachofunguka, maana umeiamuru isimuulize mjumbe mwingine yeyote. Wi-Fi za hotelini, zile zinazokutaka uingilie kwenye ukurasa wao kwanza, nazo zinaweza kugoma kwa sababu hiyohiyo. Rudisha kwenye otomatiki, kisha endelea. Wenye iPhone wanaweza kubadilisha kwa mkono upande wa Wi-Fi tu. Kwa data ya laini wanaweza kutumia programu, kama ile ya Cloudflare.

Ila usiweke mjumbe usiyemjua. Anayejibu maswali yako anajua kila mlango unaobisha, na akiwa mwongo anaweza kukupeleka kwa tapeli aliyepaka nyumba yake rangi za benki yako. Zile video za "DNS ya intaneti ya bure" mimi huwa sizimalizi kuzitazama.

Sasa hilo la video kukwama. Mjumbe akishakuonyesha nyumba, kazi yake imekwisha. Matope ya njiani ni yako. Mnara uliobanwa na watu saa tatu usiku, bando lililopunguzwa kasi, ukuta mnene wa chumba: hayo yote ni barabara. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na Tanzania nzima ikasuasua, hakuna DNS ambayo ingeiunga.

Tena mjumbe wa mbali anaweza kukuzidishia mwendo. Kampuni za video huweka nakala za kazi zao karibu na watazamaji, mara nyingine ndani ya mtandao wa kampuni ya simu yenyewe, na mjumbe wa kampuni hiyo ndiye anayejua stoo ya jirani ilipo. Wa ugenini anaweza kukuelekeza stoo ya nchi nyingine. Kwa hiyo ukibadilisha, fungua tovuti zako zilezile na video zilezile kwa siku mbili tatu, mchana na usiku, kabla hujamshukuru kijana wa kwenye video.

Nilimwekea mama dns.google. Kurasa za mzigo wa jumla zikaanza kufunguka bila kusita, akacheka. Usiku akanitumia sauti: "Fundi, video zangu za vitenge bado hazipandi." Nikamwambia ajaribu alfajiri, mnara ukiwa umelala. Siku hizi vitenge vyake vipya navikuta vimeshapandishwa saa kumi na moja, kabla sijaamka.