Viti Vitupu Nyuma ya Namba 911

Marekani ina vituo vinavyokaribia 6,000 vya kupokea simu za dharura. Kwa makadirio ya NENA, chama cha kitaifa cha wadau wa namba ya dharura, simu zipatazo milioni 240 hupigwa 911 kila mwaka. Kila anayepiga anaamini kwamba upande wa pili kuna mtu, tena mtu aliyefunzwa, aliyelala usiku uliopita, na mwenye nafasi ya kumsikiliza. Imani hiyo imeanza kuwa kubwa kuliko hali halisi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na vyama viwili vya taaluma hii ilionyesha kwamba kati ya 2019 na 2022, karibu nafasi moja kati ya kila nne za kazi katika vituo vilivyochunguzwa haikuwa na mtu.

Pengo la kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa janga la korona peke yake, wala kwa madai kwamba vijana wa leo hawataki kazi ngumu. Kwa miongo mingi nchi hiyo imewekeza katika minara, redio na kompyuta, huku anayeketi mbele ya mitambo hiyo akihesabiwa kuwa karani. Kazi yenyewe ilikua mara kadhaa, lakini heshima na malipo yake vilibaki nyuma. Kinachoonekana sasa ni deni la muda mrefu lililofika siku ya kulipwa.

Vyama vya taaluma hii vilizaliwa kutokana na mitambo, na hilo linaeleza mengi. Mwaka 1935 watu wa redio za polisi walianzisha chama ambacho leo kinaitwa APCO International. Shida zao zilikuwa za kiufundi: masafa machache, idara nyingi, sauti zinazoingiliana hewani. Mwaka 1937 Charles Hopper, mkuu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo la Illinois, alibuni misimbo inayoanza na namba kumi. Redio za wakati huo zilihitaji sehemu ya sekunde kupata nguvu baada ya kitufe kubonyezwa, na silabi ya kwanza ya maneno ilipotea mara kwa mara. Hopper akaitanguliza kumi ili, kama kuna cha kupotea, ipotee hiyo, na namba yenye maana ifike salama. Ulikuwa ufundi wa mtu anayeijua kazi yake hadi kwenye nusu pumzi. Baadaye kila idara ilijitungia maana zake, ikawa namba moja ina maana mbili katika kaunti zinazopakana. Ndiyo sababu serikali kuu ilianza mwaka 2006 kusisitiza lugha ya kawaida katika matukio yanayokutanisha idara nyingi.

Namba 911 yenyewe ilianza kulia tarehe 16 Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Spika wa Bunge la jimbo hilo, Rankin Fite, alipiga, na mbunge Tom Bevill akapokea kwa simu nyekundu iliyowekwa kituo cha polisi. Namba hiyo ilipoenea ndipo NENA ikaundwa mwaka 1982. Vyama hivi vimefanya kazi kubwa: vimepigania masafa, vimeweka viwango vya redio za kidijitali, vimeandika mitaala ya mafunzo. Wanaovitumikia wanastahili shukrani. Hata hivyo, uzito wa kihistoria wa vyama hivyo umekuwa kwenye vifaa na viwango. Suala la nani ataketi pale, kwa mshahara gani, na kwa miaka mingapi kabla hajachoka, lilipanda juu ya ajenda likiwa tayari limekuwa msiba.

Wakati huohuo kazi ilikuwa inabadilika. Zamani mpokea simu aliandika anwani na kupeleka gari. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City aliandaa kadi za maswali na maelekezo ili anayepokea simu aanze kuokoa maisha kabla gari halijafika. Tangu hapo mpokea simu ni mtoa huduma. Mume anayepiga simu akiwa amepiga magoti jikoni kando ya mkewe aliyeanguka ataambiwa aweke simu kwenye spika, amlaze mgonjwa chali sakafuni, aweke viganja viwili katikati ya kifua na kubonyeza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokea simu atahesabu naye kwa sauti. Atamkataza kusimama hata atakapolia kwamba amechoka. Huku anahesabu, anaandika, anasoma ramani, anasikiliza redio, na anajua kuwa simu nyingine inaita.

Simu ya mkononi iliongeza mzigo huo. Ajali moja ya barabara kuu, ambayo zamani ingeripotiwa na dereva mmoja aliyetafuta kibanda cha simu, sasa huleta makumi ya simu ndani ya dakika moja, na kila moja lazima ipokelewe, kwa sababu mojawapo yaweza kuwa ya mtu anayezama katika mto wa jirani. Simu ya mezani ilikuja na anwani yake. Ya mkononi huja na makadirio ya mahali, yasiyosema ghorofa ya ngapi wala mlango upi. Kuna ujumbe mfupi wa maandishi. Kuna saa na simu zinazopiga 911 zenyewe kwa kudhani mmiliki wake ameanguka. Kila kitu kipya kimeingia kupitia masikio na macho ya mtu yuleyule.

Gharama ya kumwacha mtu huyu bila maandalizi ilionekana Florida mnamo Januari 2008. Mama kijana wa watoto wawili alitekwa nyumbani kwake. Dereva mmoja alisikia mayowe kutoka gari lililokuwa kando yake, akapiga 911, akawa anataja barabara anazopita kwa dakika zipatazo tisa. Taarifa yake haikuingizwa kwenye mfumo ipasavyo. Ilipaziwa sauti chumbani kutoka kiti hadi kiti, na hakuna gari lililotumwa ingawa askari walikuwa karibu. Mama yule aliuawa. Familia yake ilipigania mabadiliko, na Florida ikayafanya mafunzo ya saa 232 kuwa ya lazima kwa wapokea simu. Mafunzo hayo yalihitaji msiba ili yawe sheria, na mpaka leo hakuna sheria ya taifa inayoweka kiwango kimoja kwa majimbo yote.

Upungufu wa watu una tabia ya kujizalisha. Mmoja akiacha kazi, saa zake haziondoki naye. Hugawanywa kwa waliobaki. Zamu ya saa 12 huongezwa saa nne za lazima, likizo hufutwa, na aliyepanga kwenda shuleni kumwona mwanawe akicheza ngoma huambiwa arudi kwenye kiti. Baada ya muda naye anaacha. Kumjaza mwingine mahali pake huchukua miezi: uchunguzi wa historia yake, darasa, kisha majuma mengi ya kuketi na mkufunzi aliyevaa vifaa vya masikioni akisikiliza kila simu. Mkufunzi huyo ni miongoni mwa wenye uzoefu zaidi, na akifundisha hawezi kubeba mzigo wake wa kawaida. Utafiti wa APCO wa miaka ya 2000 ulikwishaonyesha kwamba karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano au sita huondoka kila mwaka. Onyo lilitolewa mapema.

Anayepiga simu huliona pengo hilo kwa sekunde. Kiwango cha NENA kinataka asilimia 90 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 15. Watu wasipokuwa wa kutosha, simu husubiri; mpigaji mwenye hofu hukata na kupiga tena; na kila simu iliyokatwa humlazimu mpokeaji kuirudia ili ajue kama kuna mtu hatarini. Uchache wa watu huzaa kazi zaidi, na kazi zaidi huwafukuza watu.

Hadhi ya kazi imekuwa uwanja wa mapambano ya wazi. Katika orodha ya kazi ya serikali ya Marekani, wapokea simu za dharura wamo kundi la kazi za ofisi na utawala, pamoja na makatibu muhtasi. Vyama viliomba wahamishiwe kundi la kazi za ulinzi, waliko polisi na wazimamoto. Orodha ilipopitiwa upya mwaka 2017, walipewa jina jipya lakini wakaachwa kundi lilelile. Mwaka 2019 muswada wa kulazimisha mabadiliko hayo ulipelekwa bungeni, na Norma Torres alikuwa mmoja wa wabunge waliouongoza. Umerudishwa tena na tena. Texas, mwaka 2019, na California, mwaka 2020, ziliwatambua kwa sheria zao kama watoa huduma wa kwanza.

Torres anajua anachokisema. Kabla ya siasa alikuwa mpokea simu za dharura wa polisi wa Los Angeles. Katika miaka ya 1990 alipokea simu ya msichana mdogo aliyeuawa na mjomba wake, simu iliyosubiri dakika 20 kwa kukosekana mpokeaji wa Kihispania. Simu hiyo ilimsukuma kudai wapokeaji wenye lugha mbili, na ikamfungulia njia ya siasa.

Ni kweli kwamba orodha hiyo ni ya takwimu, na kubadili kundi hakuongezi dola moja kwenye mshahara wa mtu. Lakini jina la kundi hutumika kaunti inapopanga mishahara na msaada wa afya ya akili, na mwajiri huona ni rahisi kumnyima karani kile ambacho angeona aibu kumnyima mzimamoto. Mshahara wa kati wa kazi hii ni karibu dola 50,000 kwa mwaka. Wa askari wa doria unapita 70,000. Michelle Lilly na Heather Pierce wa Chuo Kikuu cha Northern Illinois walionyesha kitambo kwamba mtu aweza kuumizwa na tukio ambalo hakuliona kwa macho, kwa kulisikia tu. Mpokea simu husikia mwanzo wa mikasa mingi, na mara nyingi hajulishwi mwisho wake.

Fedha nazo zina hadithi yake. Wateja wa simu Marekani hulipa ada ya 911 katika bili zao. Tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, huripoti kwa Bunge kila mwaka ada hizo zimetumikaje, na kwa miaka kadhaa New York na New Jersey zimetajwa kwa kuzielekeza kwenye matumizi mengine. Wakati huohuo mfumo mpya wa kidijitali wa 911 unaosubiriwa ulikadiriwa mwaka 2018 kugharimu kati ya dola bilioni 9.5 na 12.7. Mfumo huo unahitajika, na anayeupinga hajawahi kusikia simu ikipotea hewani. Kosa litakuwa kuujenga wote halafu kukosa wa kuuendesha. Vituo kadhaa vimeanza kutumia akili bandia kupokea simu zisizo za dharura. Ni nafuu ya kweli, mradi fedha zinazookolewa zirudi kwa watu.

Upungufu huu unawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepewa makazi katika miji kama Louisville, Phoenix na Dallas, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Mmoja wao akipiga 911, mpokeaji humuunganisha na mkalimani kwa simu, na mazungumzo huwa ya watu watatu. Kila swali husemwa mara mbili. Katika kituo chenye upungufu, muda huo ndio unaobanwa kwanza. Mwenye ndugu huko amfundishe mambo mawili ya kutamka mwanzo kabisa: anwani aliyopo, na neno "Swahili".

Afrika Mashariki nayo ina cha kujifunza. Kenya iliishi miaka 15, kutoka 1998 hadi 2013, bila laini ya 999 ya polisi, na aliyevamiwa usiku alibaki kutafuta namba ya afisa anayemfahamu. Tanzania, kwa upande wake, imejenga mpango wa m-mama: namba ya bure 115 hupokelewa na mhudumu anayepima hali ya mama mjamzito au mtoto mchanga, kisha akaita gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyesajiliwa pale gari hilo lisipopatikana. Mafanikio yake yanategemea mtu wa kituoni anayejua kijiji kilipo, dereva yupi yuko karibu na hospitali ipi ina damu. Serikali zetu zitakapozindua vituo vipya vyenye skrini kubwa ukutani, wananchi na wanahabari waulize viti vingapi vina watu saa nane usiku, wamefunzwa kwa muda wa saa ngapi, na wangapi waliokuwepo mwaka jana bado wapo.

Kuanguka kwa kazi hii Marekani hakukuletwa na adui wala na teknolojia. Kumeletwa na bajeti zilizopitishwa mwaka baada ya mwaka na watu waliodhani sauti ya upande wa pili itakuwepo siku zote. Kwa hiyo kunaweza kurekebishwa kwa bajeti vilevile: mishahara inayolingana na wajibu, mafunzo ya lazima nchi nzima, matibabu ya akili bila fedheha, na ada ya 911 inayotumika kwa 911 tu. Vyama vya taaluma vina nguvu, kumbukumbu na masikio ya wabunge. Viitumie nguvu hiyo kumpigania mpokea simu kwa bidii ileile viliyotumia kupigania masafa ya redio.