Mabomba ya Jakuzi ya Nyumbani: Kinachopaswa Kukaguliwa Kabla ya Kufukiwa

Jakuzi, yaani beseni kubwa la maji ya moto linalorusha maji na mapovu kutoka kwenye kuta zake, huonekana kuwa kifaa cha starehe tu. Hata hivyo, nyuma ya vigae vyake kuna mtandao wa mabomba ambao ukijengwa vibaya unaweza kugharimu maisha. Kwa kuwa mabomba hayo hufukiwa, mwenye nyumba hana budi kuelewa kazi yake kabla fundi hajayafunika kwa zege.

Mtandao huo una njia tatu. Njia ya kufyonza hutoa maji ndani ya beseni na kuyapeleka kwenye pampu. Njia ya msukumo huyarudisha hadi kwenye jeti zilizopangwa ukutani. Njia ya hewa hupeleka hewa kwenye jeti hizo.

Maji yanapofika kwenye jeti hupita katika tundu jembamba, hivyo mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Upungufu huo ndio unaovuta hewa na kuichanganya na maji. Kanuni hiyo hubeba jina la mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliyeiandikia mwaka 1797. Kwa sababu hiyo, jeti inaweza kutoa mapovu bila mashine ya kupuliza hewa, ilimradi mdomo wa bomba la hewa uwe juu ya usawa wa maji.

Ili jeti zote zipate nguvu inayolingana, bomba la msukumo huzungushwa kulizunguka beseni na ncha zake kuunganishwa. Jeti zikipangwa kwenye bomba lililozibwa mwisho, za mwisho zinaweza kutoa maji dhaifu. Bomba jembamba na kona nyingi pia hupunguza nguvu ya pampu.

Inapotumika mashine ya kupuliza hewa, bomba lake hupandishwa juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka kwenye jeti, na hufungwa valvu inayozuia maji kurudi nyuma. Mashine ikizimwa, maji huingia katika bomba la hewa. Bila kinga hiyo yanaweza kuifikia mota ya umeme. Bomba hilo pia hulazwa kwa mteremko ili maji yasituame. Bakteria aina ya Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, na mapovu huwarusha hewani katika matone madogo yanayovutwa na watumiaji.

Hatari kubwa zaidi ya kimuundo imo katika njia ya kufyonza. Mwezi Juni 2002 nchini Marekani, mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, James Baker, alifariki dunia baada ya kunaswa na mfyonzo wa tundu la chini la jakuzi. Kufuatia juhudi za mama yake, Marekani ilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo mwezi Desemba 2007. Sheria hiyo inataka vifuniko vya matundu ya kufyonza vinavyouzwa nchini humo vikidhi kiwango cha usalama cha kuzuia mwili au nywele kunaswa.

Chanzo cha ajali za namna hiyo ni rahisi kueleweka. Pampu ikifyonza kupitia tundu moja tu, mwili ukiliziba nguvu yote ya pampu huelekezwa kwa aliyenaswa. Kwa hiyo, pampu inapaswa kufyonza kupitia matundu mawili au zaidi, yaliyoachana kwa takriban sentimita 90, au moja likiwa sakafuni na jingine ukutani. Likizibwa moja, maji huendelea kupita katika jingine. Kati ya matundu hayo pasiwepo valvu inayoweza kufunga moja na kuliacha jingine likifyonza peke yake.

Kabla ya kumwaga zege, mabomba hujazwa shinikizo na kupimwa kwa geji ili kubaini uvujaji. Umeme wa pampu nao hupitishwa kwenye kifaa kinachoukata mara tu unapovuja, na swichi ya kuzimia pampu kwa dharura huwekwa mahali panapofikika haraka.

Baada ya ujenzi, joto la maji lisizidi nyuzi 40, na dawa ya klorini ipimwe mara kwa mara. Kifuniko cha tundu la kufyonza kikionekana kupasuka, kulegea au kukosekana, pampu izimwe na mtu yeyote asiingie majini hadi kitakapobadilishwa.